Buibui wa Alfajiri na Kengele ya Shule

Kila siku ya shule, kabla jua halijachomoza, watoto wa mtaa wa Dallas mjini Embu hupita mbio kando ya nyua zilizotandwa na buibui, wakiwahi darasani kukariri kwamba buibui ana miguu minane. Wanayemkariri wamempita njiani.

Mimi simu yangu ni ya kawaida, lakini ina kamera, nami nimezoea kuinama penye ua alfajiri. (Jirani mmoja aliwahi kunisaidia kutafuta sarafu aliyodhani nimeiangusha.) Saa hiyo ina siri yake. Viumbe hawa hutegemea jua kupata joto. Wakiwa na baridi huwa wazito, hata waweza kumkaribia kipepeo kiasi cha shibiri asiruke. Umande nao huudhihirisha kila uzi wa utando, na upepo bado haujaamka kuutikisa. Piga magoti, kamera ilingane na buibui, jua changa likiwa ubavuni. Mwanafunzi mmoja ashike kitambaa cheusi nyuma ya utando, asiuguse. Tena ufanye hima, kwani hapa karibu na ikweta jua hupanda upesi, na umande haukawii kukauka.

Picha hiyo ikikuzwa, mtoto atahesabu mwenyewe miguu minane na sehemu mbili za mwili, kisha aulize mbona siafu ana miguu sita na sehemu tatu. Swali hilo lashinda kurasa kumi za kukariri. Huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, watafiti walimchunguza buibui mdogo arukaye, Evarcha culicivora, na mwaka 2005 wakatangaza kwamba huwapendelea mbu walioshiba damu. Mtoto aliyezoezwa kumponda kila buibui kwa kiatu atayagunduaje ya namna hiyo?

Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zasema masomo katika shule za kutwa yaanze saa mbili asubuhi. Hata hivyo, zipo shule ziwaitazo watoto gizani. Walimu wenzangu watanijibu kwamba mtihani haungoji umande, na sina ubishi. Naomba tu asubuhi moja katika kila muhula, darasa likutane penye ua badala ya ubaoni. Simu ya mwalimu mmoja yatosha.