Kilemba cha Ukoka Si Kurai

Mwalimu mwenzangu, aghalabu mwanafunzi akiulizwa jinsi mhusika mmoja alivyomshawishi mwenzake, hujibu kwamba "alimpa maneno matamu". Jibu hilo limetoka kwenye Kiingereza, chenye kitenzi kimoja, "sweet-talk", kinachobeba mambo mawili kwa mpigo: utamu wa maneno na shabaha ya msemaji kupata anachokitaka. Kiswahili kimeyatenga. Mwanafunzi asiyejua hivyo hupoteza alama katika Karatasi ya Tatu kwa ngano anayoifahamu vyema.

Kumvisha mtu kilemba cha ukoka ni kumpa sifa za uongo. Kilemba ni vazi la heshima katika mwambao wetu. Ukoka ni nyasi tu za kulisha mifugo. Katika ngano ya Aesop ya Kunguru na Mbweha, Mbweha anaisifu sauti ya Kunguru, ambayo sote twaijua ilivyo. Kunguru anafungua mdomo aimbe, na mnofu unaanguka. Hapo nahau yetu imekaa barabara.

Sasa mtazame Papa katika ngano ya Kima na Papa. Hausifu uzuri wa Kima wala akili zake. Anamkumbusha urafiki wao na matunda aliyokuwa akitupiwa chini ya mkuyu, kisha anamwalika kwao ili alipe fadhila. Kima anapohofia maji, Papa anaahidi kumbeba mgongoni. Huku ni kurai, yaani kumlainisha mtu hatua kwa hatua hadi akubali. Mwingereza angetumia kitenzi kile kile kwa Papa na kwa Mbweha. Mwanafunzi wetu akiandika kwamba Papa alimvisha Kima kilemba cha ukoka, mtahini makini atauliza: sifa zenyewe ziko wapi?

(Kujipendekeza ni jambo jingine tena, mtu aweza kujipendekeza kwa mkubwa hata bila kutamka neno, kwa kumbebea mkoba tu.)

Darasani, waambie wanafunzi wayapigie mstari maneno ya mshawishi kabla ya kutaja nahau yoyote. Kisha wape swali gumu kidogo: Kima alipodai kwamba moyo wake ameuacha mtini, alimrai Papa au alimlaghai? Watabishana. Mimi nasema alimlaghai, kwa sababu hakuwa na haja ya kumlainisha Papa. Papa mwenyewe alikuwa na pupa ya kurudi mtini kuufuata moyo huo.