KWA UCHOKOZI AU KWA UTANI?



Katika lugha ya Kiingereza kipo kielezi "provocatively", na Kifaransa kinacho ndugu yake. Asili ya vyote viwili ni neno la Kilatini lenye maana ya kumwita mtu atoke nje. Atendaye kwa namna hiyo humtoa mwenzake kwa hasira, kwa fikra mpya au kwa matamanio. Ndiyo maana kielezi hicho husemwa juu ya matusi, juu ya hotuba yenye kuamsha mawazo, na hata juu ya mavazi.

Kiswahili hakina neno moja kwa yote hayo. Amuudhiye mwenzake makusudi hutenda kwa uchokozi. Awatiaye watu fitina wagombane hutenda kwa uchochezi. Amsemaye mtu kwa fumbo hupiga kijembe. Na mwenye haki ya kufanya mzaha hutania.

Tazameni kanga. "Mdhaniaye ndiye siye" ni maneno matatu yasiyo na tusi. Kanga hiyo ikivaliwa jikoni ni nguo tu. Ikivaliwa mbele ya jirani mliyekosana naye, huwa kijembe, ingawa aliyeivaa hakufungua kinywa. Kinachoifanya kuwa uchokozi ni wakati, mahali na mtu aliyekusudiwa.

Utani nao una wenyewe. Babu humwita mjukuu wake "mke wangu", naye mjukuu humjibu kuwa hataki mume kibogoyo, na nyumba nzima ikacheka. Wanyamwezi na Wazaramo hutaniana hata misibani. Pande zote mbili zinajua mipaka, kwa hiyo hapana anayeudhika.

Hapa Saint-Josse, manispaa iliyo ndogo kuliko zote za Ubelgiji kwa eneo, watoto wetu husoma pamoja na wenzao wenye asili ya Uturuki, Moroko na kwingineko. Mtoto aliyezoea utani wa nyumbani akimfanyia mzaha mwenzake asiye mtani wake, mwalimu huenda akaandika katika daftari la shule kwamba amefanya uchokozi. Neno hilo ni zito, kwani linahukumu nia ya mtoto.

Mzazi akilisoma, asikimbilie fimbo wala asimlaumu mwalimu. Kwanza amwulize mtoto: Ulisema nini? Mbele ya nani? Mwenzako alicheka, au aliinama? Ikiwa ulikuwa utani uliopotea njia, mzazi aende shuleni akaeleze desturi yetu, na mtoto afundishwe kuwa si kila rafiki ni mtani. Ikiwa mwenzake aliumia, aombe radhi, hata kama hakukusudia. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, inatukataza kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya, wala haikubagua mkubwa na mdogo.

Wahenga nao walituonya: mzaha mzaha hutumbuka usaha.