Mapenzi Yasiyotamkwa

Filamu nyingi za mapenzi hutulazimisha tulie. In the Mood for Love ya Wong Kar-wai (2000) haina hata busu moja, na bado ndiyo iliyonichoma zaidi.

Ni Hong Kong, 1962. Majirani wawili, Bwana Chow na Bibi Chan, wanagundua kwamba mume wa huyu na mke wa yule wana uhusiano wa siri. Wanaapa wao hawatafanana nao. Hapo ndipo kazi inapoanza: kupenda bila kusema.

Kamera inawachungulia kwenye korido nyembamba kama jirani mmbea. Wanapopishana ngazini, mwendo unapunguzwa, nawe unajikuta umebana pumzi.

Maggie Cheung amebanwa na gauni hadi shingoni, uso umetulia tuli. Tony Leung, mwigizaji bora wa kiume Cannes 2000, anamaliza mambo kwa macho tu. Kuna pale wanapofanya mazoezi ya kuagana. Bwana Chow anauachia mkono wake, anaondoka. Ni maigizo, wote wanajua, lakini Bibi Chan anaangua kilio cha kweli.

Wapenzi, itazameni pamoja, simu mkiziweka mbali. Halafu mtazame mwenzio vizuri. Huenda kuna jambo anakwambia siku nyingi, kimyakimya.