Mifereji ya Mawe ya Engaruka

Leo tuache kidogo habari za mbegu na dawa za wadudu, tufunge safari. Ukifika Mto wa Mbu, Wilaya ya Monduli, mkoani Arusha, shika njia ya kaskazini iendayo Ziwa Natron. Ukuta wa Bonde la Ufa utakuwa mkono wako wa kushoto. Ukienda kiasi cha kilomita 60 utafika Engaruka. Nchi ni kavu, maana milima ya Ngorongoro inazuia mvua. Halafu, mara, unaona migomba!

Migomba hiyo, pamoja na mahindi na maharage, inanyweshwa na Mto Engaruka ushukao kutoka gengeni. Wenyeji, wengi wao Wamasai, wamechimba mifereji na hugawana maji kwa zamu. Lakini wao si wa kwanza kuyaongoza maji hayo. Pembeni mwa mashamba yao yamelala mashamba mengine, ya mawe, yapatayo ekari 5,000. Yalilimwa tangu karne ya 15 hivi mpaka karne ya 18, kisha yakaachwa.

Hebu tuyaangalie kwa jicho la mkulima. Watu wale waliyateka maji pale mto unapotoka gengeni, wakayapitisha katika mifereji iliyojengwa kwa mawe, yenye mteremko mdogo ili maji yasikimbie. Chini waligawa ardhi kwa mistari ya mawe, vijaruba vidogo vidogo, kila kimoja kimesawazishwa. Mawe yaliyozidi waliyarundika kando. Wenyewe waliishi juu, katika vijiji saba vilivyojengwa kwa matuta kwenye mteremko, ili ardhi ya tambarare ibaki ya kulima. Punje za mtama zilizoungua zimefukuliwa huko. Yapo pia mazizi ya mawe, na wataalamu wanaona kwamba ng'ombe walifugwa humo na samadi ikapelekwa shambani.

Jambo linalonivutia zaidi ni hili. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba baadhi ya vijaruba havikusawazishwa kwa jembe tu. Waliweka mawe kukinga maji ya mafuriko, tope likatuama, wakaongeza mawe, tope likatuama tena. Yaani udongo ambao sisi tunauona ukienda na maji kila masika, wao waliukamata wakaufanya shamba. Na wako kati yetu wanaodhani kilimo cha umwagiliaji kililetwa na meli!

Mjerumani Fischer aliyaandika magofu haya mwaka 1883. Hans Reck alifika mwaka 1913, Louis Leakey mwaka 1935, na Hamo Sassoon alichimba mwaka 1964 na 1966. Leakey alidhani waliishi hapo watu zaidi ya 30,000. Waliomfuata wanaona ni wachache zaidi.

Sasa, kwa nini waliondoka? Wengine wanasema ardhi ilichoka, wengine wanataja vita. Wengine wanataja maji, na hapo ndipo mimi nasimama kidogo. Vijito vingine vilivyolisha mifereji ile siku hizi ni vikavu sehemu kubwa ya mwaka. Mto Engaruka peke yake ndio unaotegemewa, na watu wanaoutegemea wanaongezeka. Mashamba ya leo yamekwisha funika sehemu ya yale ya kale. Huwezi kumlaumu baba mwenye watoto anayelima karibu na maji. Lakini kila jembe linapong'oa mstari wa mawe, ushahidi mmoja wa jinsi maji yalivyogawanywa unapotea.

Ukienda, vaa viatu vigumu na uanze asubuhi kabla ya jua kali. Kaskazini utauona Oldonyo Lengai, mlima wa volkano uliomwaga majivu mwaka 2007 na 2008. Vijana wa kijijini huwatembeza wageni. Mwombe mmoja akuonyeshe kwanza mfereji wa kale, kisha ule unaotiririka leo. Na jiwe ulilolikuta mahali pake, liache hapo hapo.