Maji ya Njiani: Moto, Dawa au Jua?

Atakaye kusafiri hufunga nguo, chakula na nauli. Maji huyaacha, akisema atayakuta njiani. Ni kweli, kwetu maji hayakosekani. Msafiri atokaye Kalemie kwenda Moba au Uvira kwa mashua huzungukwa na maji usiku na mchana. Lakini kando ya ziwa hilo hilo la Tanganyika kolera yajulikana tangu mwisho wa miaka ya 1970, wala haijahama. Na mwezi wa Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipokusanyika Goma na kuteka maji ya Ziwa Kivu, kolera na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya watu katika majuma machache. Basi, ndugu wasomaji, yatupasa kuchagua kabla ya kufunga safari jinsi tutakavyoyasafisha maji yetu, maana si kila njia yafaa kila mahali.

Njia ipitayo zote ni moto. Maji yakichemka kwa nguvu dakika moja, viini vya ugonjwa hufa, hata vile vyenye ganda gumu ambavyo dawa haiviwezi. Juu ya mita 2,000 huongezwa mpaka dakika tatu, kwani milimani maji huchemka kabla ya kufika digrii 100. Je, wakaao Bukavu, penye mita 1,500 hivi, waogope? La. Huko maji huchemka karibu na digrii 95, na viini hushindwa kabla ya hapo, joto likipita digrii 70. Mama achemshaye maji robo saa nzima ateketeza makaa bure, na bei ya makaa twaijua sote.

Lakini ndani ya mashua nani atawasha moto? Hapo ndipo dawa ya klorini hutusaidia. Vidonge vyake ni vyepesi, mwanafunzi aweza kuvitia mfukoni. Asome tu karatasi yake, kwa maana kidonge kimoja huandaliwa kwa lita 1, kingine kwa lita 20, na kwa macho hufanana. Asiye na vidonge aweza kutumia javeli isiyo na manukato wala sabuni, yenye klorini ya sehemu 5 au 6 katika mia: matone 2 kwa lita ya maji maangavu, matone 4 yakiwa na ukungu. Kisha angoje nusu saa. Hiyo nusu saa ndiyo wengi waivunjao, kiu ikiwabana, nao husema baadaye kwamba dawa haifai. Javeli iuzwayo katika kichupa kisicho na maandishi tusiitie katika maji ya kunywa: nguvu yake haijulikani.

Tena, tope hula dawa. Maji ya mto wakati wa mvua yaachwe kwanza yatulie, kisha yapitishwe katika kitambaa safi kilichokunjwa mara nne au zaidi. Tusikidharau kitambaa. Katika vijiji vya Bangladesh, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2003 ulionyesha ya kuwa akina mama waliochuja maji kwa nguo zao kuukuu za sari walipunguza kolera karibu nusu, maana kiini cha kolera hushikamana na wadudu wadogo wa majini, nao hunaswa na nguo. Hata hivyo nusu iliyobaki yaua. Kitambaa ni mwanzo tu wa kazi. Na dawa yenyewe haikiwezi kijidudu kiitwacho kriptosporidiamu, kiharishacho watoto sana. Hicho huuawa kwa moto, au hunaswa na chujio zuri. Machujio ya safari, kwa upande wake, mengi huviacha virusi kupita.

Jua nalo ni dawa ya maskini. Chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, ijazwe maji na kulazwa juani saa 6; mawingu yakitanda, siku mbili. Mvua ikinyesha mfululizo, njia hii haifai. Kujua kama maji ni maangavu vya kutosha, simamisha chupa juu ya gazeti (hata hili letu) utazame toka mdomoni: usipoweza kusoma kichwa cha habari, uyachuje kwanza.

Bidoni lenyewe lisisahauliwe. Maji yaliyochemshwa yakitiwa katika bidoni chafu, au kutekwa kwa kikombe cha kila mkono, ni kama hayakuchemshwa.

Liko jambo moja lisilo na tiba njiani. Karibu na migodi na viwanda vya shaba na kobalti, upande wa Kolwezi na Likasi, imo mito iliyoingiwa na madini. Moto hauyaondoi: maji hupungua katika sufuria, madini hubaki yale yale. Klorini haiyaondoi, wala jua. Apitaye huko abebe maji yake tangu nyumbani, ya kumtosha mpaka afike.