Mtambue Kunguni wa Kahawa Kabla ya Kupuliza Dawa

Mkulima wa kahawa ya arabika anapokuta mdudu mwenye umbo la ngao kwenye mti wake, hatua ya kwanza si kupuliza dawa, bali ni kumtambua. Wadudu wa kundi hilo hufanana kwa umbo, lakini wapo wanaoharibu zao na wapo wanaolilinda.

Kitaalamu, kunguni hao huwekwa katika familia ya Pentatomidae, jina la asili ya Kigiriki lenye maana ya vipande vitano, kwa kuwa papasi za mdudu mpevu zina pingili tano. Alama nyingine ni kipande kikubwa cha pembetatu mgongoni, pamoja na tezi zinazotoa harufu kali anaposhikwa.

Msumbufu mkuu wa kahawa Afrika Mashariki ni antestia, wa jenasi ya Antestiopsis. Ana urefu wa takriban milimita 7, na rangi yake ni kahawia iliyokoza yenye madoa ya rangi ya chungwa na meupe. Jike hutaga mayai meupe, kwa kawaida yapatayo 12 kwa pamoja, upande wa chini wa jani. Spishi mojawapo, Antestiopsis thunbergii, iliandikwa Antestiopsis orbitalis katika vitabu vya zamani. Mdudu ni yuleyule.

Antestia hufyonza machipukizi, maua na matunda machanga. Matunda hudondoka, na punje zinazobaki huweza kuozeshwa na kuvu. Nchini Rwanda na Burundi, mdudu huyo amehusishwa na kasoro ya ladha ya viazi, ambapo punje moja tu huweza kuharibu kikombe kizima na kumpunguzia mkulima bei.

Kwa upande mwingine, kunguni wa nusufamilia ya Asopinae hula viwavi. Mrija wao wa mdomo ni mnene na hunyooshwa mbele, ilhali wa antestia ni mwembamba na hulala chini ya kichwa. Dawa ikipulizwa bila uchunguzi, huua adui na rafiki kwa pamoja.

Wakulima wanashauriwa kupogoa miti ili mwanga upenye, kwa kuwa antestia hupenda kujificha penye majani mengi, na kukagua shamba mara kwa mara, kwani hata kunguni wawili kwa mti huhesabiwa kuwa wengi. Mwenye shaka ampeleke mdudu huyo kwa afisa ugani wa eneo lake, akiwa amehifadhiwa katika chupa yenye spiriti, kabla ya kununua dawa.