Pikipiki ya Lami na ya Matope

Ndugu, unaweka akiba ununue pikipiki yenye kupita lami na matope, kama Yamaha DT? Faida yake ni kubwa. Ina taa, kioo na namba, kwa hiyo inaruhusiwa mjini. Tena inapita mawe na vijito, na dawa zinafika kijijini upesi.

Lakini kiti chake kiko juu. Miguu isipogusa chini, utaanguka. Mipira yake ya meno inateleza kwenye lami yenye mvua. Bomba la moshi linachoma mguu. Ukiungua, mwagia maji safi ya baridi dakika 20.

Basi usimalize feza zote kwa pikipiki. Ununue na kofia ngumu: inapunguza hatari ya jeraha la kichwa karibu 69 kwa 100. Mguu uliovunjika tunaufunga. Ubongo uliopondeka hatuwezi kuushona.